Wafupi mbele

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua ni ndefu ila jambo lenyewe linanikaa rohoni na sitaki kulisema nusu nusu.

Juzi kati humu humu ilitoka barua ya msomaji mwenzetu analalamika kwamba wanawake jeshini wanabebwa, eti mbio wanaongezewa dakika, pushapu wanapunguziwa, alafu cheo ni kile kile na mshahara ni ule ule, akamalizia kwamba kama wanataka usawa basi wapimwe sawa na mwanaume na wakishindwa warudi nyumbani. Nimeisoma mara mbili tatu. Kuna sehemu kaka huyu kasema kweli na nitamuunga mkono wazi wazi, ila kachanganya mambo mawili ambayo hayafanani kabisa, na sio yeye peke yake, wanayachanganya wengi, kijiweni, kwenye daladala, hata kwenye magrupu ya familia. Mimi binti yangu wa mwisho kamaliza kidato cha sita na ameitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hii kwangu sio stori ya mbali.

Nami nimepita huko. Mwaka 1988 nilienda mwaka mzima, enzi zile kabla mpango haujasitishwa 1994 na kurudishwa 2013 kwa mtindo huu mfupi wa sasa hivi. Kombania yetu ilikuwa mchanganyiko, mahanga ya kulala tofauti lakini mchakamchaka pamoja, fatiki pamoja, shabaha pamoja. Watu wanaongea kama vile msichana kuvaa kombati ni kitu kimeletwa jana na wazungu, wakati Norway ambayo inasifiwa sana ilianza kuwaita wasichana kwa lazima mwaka 2015, na Denmark ndio kwanza 2025, sisi mabinti wa shule tulikuwa tunabeba bunduki porini hawa wenzetu bado wanajadiliana bungeni. Hilo liwekwe sawa kwanza.

Sasa nisimulie usiku mmoja. Tulikuwa kwenye mwendo mrefu, begi limejaa mchanga, bunduki, chupa moja ya maji, giza hakuna hata mbalamwezi. Mpangilio ulikuwa ule wa kawaida, warefu mbele. Kufika kama saa nane usiku sisi wa mkiani tulikuwa hatutembei tena, tulikuwa tunakimbia. Aliyewahi kupiga kwata ananielewa, yule mrefu wa mbele anapiga hatua yake ya kawaida tu, hana presha, lakini kila anapopiga mbili wewe wa nyuma lazima uchupe katikati ili usiachwe, na ukichupa begi linakupiga kiunoni, manake mikanda yenyewe imekatwa kwa mabega ya mwanaume kwa hiyo halikai mgongoni, linashuka linalala juu ya makalio na kila hatua linakuvuta kwa nyuma. Nilikuwa nahesabu, pah pah pah, mpaka nikaacha kuhesabu.

Nyuma kabisa kulikuwa na lori la kubeba wagonjwa. Tukajikusanya wasichana sita tukamwendea afande, sajenti, na yeye mwanamke, tukamwambia afande sisi tupande, sisi wasichana. Ndio tulivyosema hivyo hivyo, sisi wasichana, kama vile hiyo ndio sababu. Akatumulika na tochi miguuni mmoja mmoja, akauliza nani kaumia. Kimya. Akasema hakuna anayepanda. Tukajua basi tumekwisha, ila badala ya kuturudisha mkiani akasimamisha kombania nzima pale pale barabarani na kutupanga upya, wafupi wote mbele, wavulana kwa wasichana, warefu wote nyuma, akasema wafupi mbele na mwendo wao ndio mwendo.

Tulifika kambini jua linachomoza. Begi lile lile, mchanga ule ule, njia ile ile, na kwenye lori alipanda mvulana mmoja tu aliyeteguka kifundo cha mguu. Nimezaa, nimelea, nimefanya kazi serikalini miaka mingi na bado nikipata jambo gumu namkumbuka yule mama na tochi yake.

Ndio maana nasema kaka yetu kachanganya. Kuna kipimo cha afya ya mwili na kuna kipimo cha kazi. Kile cha afya kinauliza kitu kimoja tu, je huyu askari kajitunza, moyo wake na misuli yake viko fiti kadiri ya mwili alionao. Hapo majeshi mengi yanaweka viwango tofauti kwa umri na kwa jinsia, na mbona ya umri hakuna anayepiga kelele, meja wa miaka 45 anapewa dakika nyingi za kukimbia kuliko kijana wa 20 na hatujasikia mtu anaandika barua kwamba wazee wanabebwa. Mwili wa mwanamke kwa wastani una misuli michache ya juu, damu inabeba oksijeni kidogo zaidi, mifupa myembamba, hiyo ni baiolojia wala sio uvivu, kwa hiyo msichana akipiga pushapu chache kuliko kaka yake anaweza kuwa kajituma sawa sawa au hata zaidi.

Kipimo cha kazi ni kingine. Kombora la mzinga wa milimita 155 lina kilo kama 43 na halijui limeinuliwa na nani. Majeruhi wa kilo 80 na vifaa vyake hapungui uzito kwa sababu anayemvuta ni dada. Hapa ndipo namuunga mkono huyo kaka asilimia mia, kama kazi inataka uinue kilo 43 mara kadhaa kwa dakika basi anayetaka kazi hiyo ainue, mwanamke au mwanaume, na akishindwa apewe kazi nyingine, na mwanaume akishindwa naye vile vile asipitishwe kwa sababu tu ana ndevu. Wanawake wenyewe wenye uzoefu ndio wanasema hivi. Mwaka 2015 Marekani ilipofungulia wanawake kozi ngumu ya jeshi lao inayoitwa Ranger, ile ya kutembea kilomita 19 ndani ya masaa matatu na mzigo mgongoni na huo ni mwanzo tu, walianza 19 mwezi wa nne, Agosti wakahitimu wawili, Kristen Griest na Shaye Haver, Oktoba akafuata Lisa Jaster. Griest akaja kuwa afisa wa kwanza wa kike wa askari wa miguu kwao. Basi mwaka 2021 jeshi lao lilipokuwa linafikiria kutenganisha alama za wanawake na wanaume kwenye kipimo kipya, ni yeye Griest aliyeandika kupinga kwa vikosi vya kupigana, alisema kiwango kikishushwa wanaoumia ni wanawake wenyewe kwa sababu hakuna mwanajeshi atakayewaamini tena. Mwaka uliofuata jeshi likatenganisha, na 2025 likageuza tena, kazi za kupigana kiwango kimoja kwa wote. Wamezunguka hivyo miaka kadhaa kwa sababu kipimo kimoja walikuwa wanataka kifanye kazi mbili, kupima afya na kuchagua nani aende vitani.

Ila sasa kiwango kimoja cha kazi haimaanishi njia moja ya kukifikia, na hapa ndipo "pimeni sawa basi" inapoharibu watoto wa watu. Uingereza walijaribu. Miaka ya tisini mwishoni jeshi lao la nchi kavu liliamua kuruta wa kike na wa kiume wafundishwe mazoezi yale yale kwa kipimo kile kile tangu siku ya kwanza, wakaona ndio usawa. Wasichana walioachishwa mafunzo kwa kuumia mifupa na misuli wakaongezeka zaidi ya mara mbili. Na mwaka 2013 wasichana watatu waliokuwa kuruta wa jeshi la anga la huko huko walilipwa fidia kama pauni laki moja kila mmoja, wameumia nyonga na uti wa mgongo, na chanzo chake ni gwaride jamani, kulazimishwa kuvuta hatua ndefu ili waende sambamba na wanaume warefu. Hatua ya gwaride ya Kiingereza ni inchi 30. Niliposoma habari ile nililia, manake gwaride letu sisi tumerithi kwa hao hao, kuanzia King's African Rifles ya mkoloni mpaka Tanganyika Rifles ya baada ya uhuru, na hata baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 na jeshi letu la sasa, JWTZ, kuundwa Septemba mwaka ule, kwata haikuanza upya kutoka hewani. Nikajiona mimi na wenzangu watano mkiani usiku ule. Laiti yule sajenti angesema tu "vumilieni" sijui nyonga zetu zingekuwa wapi leo.

Ukimvunja mtu mfupa mwezi wa pili wa mafunzo hujapima kitu. Hujajua kama angeweza ile kazi au asingeweza, umempoteza tu, na hela ya serikali iliyomlisha imepotea pia.

Alafu kuna upande mwingine ambao huyo kaka hakuugusa kabisa. Kiwango kuwa kimoja kwenye karatasi hakukifanyi kiwe cha haki kama hakina kazi nyuma yake. Majirani zetu Kenya wakitangaza kuandikisha askari wa kawaida, uzito wa mwanaume wanataka usipungue kilo 54.55 na wa mwanamke kilo 50, hapo wametofautisha, lakini urefu ni mita 1.60 kwa wote. Sawa sawa kabisa, eti? Sasa chukua utepe nenda kapime wanawake wa mtaani kwako uone wangapi wanabaki nje ya huo mstari ukilinganisha na wanaume, alafu uliza huo urefu ni wa kazi ipi, mpishi, mtu wa rada, fundi wa ndege, nesi, dereva? Kama kuna kazi inautaka waiandike. Kama ni mazoea tu basi hapo mwanamke hajabebwa, kazuiliwa mlangoni. Na bado hao hao Kenya wanatuonyesha kinachowezekana, walikuwa na kikosi cha wanawake cha pembeni, wakakivunja 1999 na kuwaingiza wanawake kwenye jeshi lenyewe, na Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed akakabidhiwa jeshi la anga zima. Kaanzia kwenye kile kikosi cha pembeni mwaka 1983. Miaka arobaini na moja. Najiuliza wangapi wa rika lake walikuwa na akili kama yake na waliishia kwenye kaunta ya stoo.

Na mtu asiniambie mwanamke hawezi mzigo. Nilipokulia mimi kisima kilikuwa bondeni na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushee, mama anapanda nayo kichwani kilima chote, mtoto mgongoni, na hakuna mwanaume aliyesimama njiani kusema huyu apunguziwe. Ikija mambo ya cheo na posho ndio tunakumbuka kwamba ana mwili dhaifu. Mwaka 1967 wasichana wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifundishwa vita hapa hapa kwetu, Nachingwea, ndio kilikuwa kikosi chao cha kwanza cha wanawake, na wale walibeba silaha na dawa kwa miguu kuvuka Ruvuma kuingia Cabo Delgado na Niassa. Josina Machel aliyekuwa mmoja wao amefia Dar es Salaam, Aprili 1971, ana miaka 25. Wazee wa Nachingwea ambao bado wapo waulizwe kama walisikia hao mabinti wanaomba lori.

Jambo lingine linanisumbua ni hivi vipimo tunavyovibishania ni vya kifua na mikono tu. Vijana wetu wapo Kongo, mashariki, tangu 2013 wapo kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa. Kule Beni mwanamke aliyebakwa au aliyechomewa nyumba haongei na mwanaume mwenye bunduki, anaongea na dada mwenye kombati anayemwambia shikamoo mama kwa Kiswahili na akamwelewa. Taarifa za waasi wamepita wapi zinatoka hapo. Hiyo ni kazi ya jeshi kama ilivyo kuinua kombora, tena inaokoa askari, mbona haina kipimo chake ambacho wanaume watafeli kwa wingi? Umoja wa Mataifa wenyewe wanataka wanawake wafike asilimia 15 kwenye vikosi vya kulinda amani ifikapo 2028, na Mkenya Meja Steplyne Nyaboga alipewa na Umoja huo tuzo ya mwaka 2020 kwa kazi yake Darfur, Sudan. Kwa hiyo wanahitajika, sio hisani.

Kwenye uzazi nitapita haraka japo lina uzito wake. Kukataa mjamzito asianze mafunzo naona ni sawa, mwendo ule niliousimulia ungemuua na mtoto. Swali ni baadae, askari wa kike kishaapa, kishafika koplo, kapata mtoto kihalali, anarudi kazini kozi za kupandia cheo zimeshampita na wenzake wa intake moja wako mbele ngazi mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, lakini sheria hiyo hiyo inasema haiwahusu JWTZ, Polisi, Magereza wala JKT, wao wana taratibu zao. Sawa wawe nazo, jeshi ni jeshi. Ila mzazi anayempeleka binti wa miaka 19 anapaswa kuziona zimeandikwa wapi kabla hajambariki mtoto kujitolea.

Na wakufunzi wa kike wawe wengi. Sitaki kuingia ndani sana hapa ukurasa wa gazeti unasomwa na watoto, ila kila mama anajua kwa nini binti aliye mbali na nyumbani, amechoka, anamwogopa kila mwenye mkanda, anahitaji afande mwanamke wa kumkimbilia usiku. Mimi nilikuwa naye.

Ninachoomba, na nakiomba kwa nia njema kabisa kwa sababu jeshi lile lilinifundisha nidhamu ninayoishi nayo mpaka leo, ni viwango vya kila kazi viandikwe kwa kazi yenyewe. Dereva wa lori zito anainua tairi la kilo ngapi, mtu wa mizinga anabeba nini mara ngapi, mtu wa mawasiliano anatembea na redio kilo ngapi umbali gani. Viwekwe wazi kila kijana avione, msichana ajue anachofanyia mazoezi na mvulana aache kusema kabebwa. Kuruta apandishwe taratibu, wiki hadi wiki, kila mtu na mwili wake, mpaka siku ya kipimo wakutane wote kwenye mstari mmoja. Na mabegi na buti vishonwe kwa vipimo vya kike pia, hili halihitaji semina.

Maana hata sisi wazazi tunafanya kosa lile lile. Orodha ya vifaa vya mujibu wa sheria ni moja kwa wote, bukta ya bluu ya kufika magotini, fulana ya kijani, soksi nyeusi ndefu, shuka za bluu bahari, raba za kijani au bluu. Nilienda Kariakoo mwenyewe na ile orodha kwenye simu. Raba za kijani maduka manne zilianzia namba 40, za kiume, binti yangu anavaa 37. Muuza duka akaniambia mama chukua tu atajaza soksi, wote wanafanya hivyo, na mimi kwa kuchoka na jua nikachukua. Jumamosi alfajiri nikamwambia tukimbie wote mpaka kwenye reli na kurudi azoee. Kurudi kavua pale kibarazani, kisigino cha kulia kimechubuka mpaka nyama nyekundu inaonekana, kidole gumba kucha imeingia damu, na hiyo ni kilomita tano tu bila begi. Nilimwosha na maji ya chumvi na nikamwomba msamaha. Jumatatu nilirudi mjini, nikazunguka mpaka saa kumi jioni nikapata za bluu namba 37, zimezidi bei kwa elfu kumi na mbili. Anaripoti wiki ijayo, na amenikataza kumsindikiza zaidi ya stendi.

Mama Neema,
Tabata, Dar es Salaam